Mti Hauna Ulimi

Msomaji wangu, mwalimu ni mtu aliyezoea kuuliza maswali kuliko kuulizwa. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kuuliza swali jepesi, swali gumu, na swali la kumzindua mwanafunzi aliyesinzia. Lakini sikufundishwa namna ya kujibu swali linalomwacha mwalimu bila neno mbele ya darasa lake. Swali la namna hiyo niliulizwa na msichana wa kidato cha pili, na insha hii ni jibu lililonikosa siku ile.

Shule ninayofundisha iko upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, si mbali na Kangemi. Uani mwake palikuwa na mringaringa mkubwa. Ulipochanua, maua yake meupe yalitapakaa chini, na nyuki wakavuma juu yake tangu asubuhi hata jioni. Wanafunzi walisoma kivulini pake, na wapishi walikaa hapo kuchambua maharagwe. Siku moja mkutano wa walimu ulishauriana kuukata ili magari yapate mahali pa kusimama. Wachache walitaka mti ubaki, wengi walitaka uondoke. Mimi sikuwa upande wa hawa wala wa wale. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nilikuwa mgeni katika shule ile, na kwamba mti mmoja si msitu. Jumamosi mti ukakatwa, na Jumatatu tukakuta kisiki chenye unyevu na vumbi la msumeno limezagaa pande zote.

Majuma mawili baadaye nilifundisha habari za Profesa Wangari Maathai. Nilizifundisha vizuri, nadhani, maana darasa lilitulia. Ndipo yule msichana alipoinua mkono, akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, ikiwa mama huyu alikuwa na haki, mbona wewe hukusema neno mti wetu ulipokatwa?"

Nilimwambia kuwa nitamjibu siku nyingine. Jumamosi iliyofuata niliondoka nyumbani kwa miguu kwenda katikati ya jiji. Sikuwa na haja ya kununua kitu wala kumzuru mtu. Nilijua tu kwamba mambo mengi niliyokuwa nikiyafundisha yalitokea kando ya njia ile ile ninayopita kila mara ndani ya matatu, macho yangu yakiwa mahali pengine.

Njia hiyo huitwa Waiyaki Way. Jina lake ni ukumbusho wa Waiyaki wa Hinga, mkuu wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti na Kabete. Mwaka 1890 Frederick Lugard, mtumishi wa kampuni ya Kiingereza iliyopewa mamlaka ya kutawala na kufanya biashara katika nchi hizi, alijenga ngome Dagoretti. Urafiki wa mwanzo haukudumu, kwa sababu watu wa ngome na misafara walichukua vyakula vya wenyeji kwa nguvu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome ya Fort Smith, Kabete, akapelekwa njia ya pwani kama mfungwa, akafia Kibwezi. Baadaye reli ikaja. Mwaka 1899 ilifika mahali penye maji baridi ambapo Wamasai walipaita kwa jina lililozaa neno Nairobi.

Baada ya bunduki ilikuja kalamu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliiwezesha serikali kuwagawia walowezi ardhi iliyohesabiwa kuwa haikaliwi na mtu. Basi, shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lilionekana halina mwenyewe. Malisho yaliyoachwa yakingoja mvua yalionekana hayana mwenyewe. Sheria ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi hata kwa miaka 999, na mahakama ikaifasiri kwamba Mwafrika alikaa katika ardhi ya baba zake kwa hisani ya mfalme tu. Misitu nayo iliwekewa kanuni na walinzi. Miti ya asili ilianguka, na mahali pengi mikaratusi ya kigeni ikapandwa iwe kuni za gari la moshi. Mwanamke aliyeokota kuni pale alipookota mama yake aliweza sasa kukamatwa kama mwizi.

Tafakari, msomaji, ni neno gani lililotangulia matendo hayo yote. Lilikuwa neno hili: ninyi mliopo hapa hamhesabiki, wala hamna la kusema. Ardhi haiwezi kuitwa tupu mpaka watu wake wamehesabiwa kuwa si kitu.

Nilipofika Westlands nilipumzika karibu na mugumo mkubwa ulio kando ya barabara. Mwaka 2020, ilipokuwa ikijengwa ile barabara ya juu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, mti huu uliwekwa katika hesabu ya vitu vya kuondolewa. Wananchi walipiga kelele, na mwezi wa Novemba ilitolewa amri ya Rais Uhuru Kenyatta kuwa usikatwe. Barabara ikajengwa, na mugumo umesimama. Sikuweza kuutazama bila kuukumbuka mringaringa wetu. Huu uliponywa na vinywa vya watu.

Nyanya yangu alikataza hata tawi la mugumo lisivunjwe. Kwa Wakikuyu ulikuwa mti wa ibada, na katazo hilo lilikuwa na hekima nyingine ndani yake. Wangari Maathai alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mama yake huko Ihithe, Nyeri, alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na chemchemi, mahali alipopenda kucheza akiwa mtoto. Aliporudi baada ya masomo yake ya ng'ambo alikuta mti umekatwa na chemchemi imekauka. Elimu yake ya viumbe ilimfahamisha sababu: mizizi ya mugumo hupenya chini sana, hupita katika nyufa za mawe hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, na maji huipata njia ya kupanda juu. Mzee asiyesoma aliyasema hayo kwa lugha ya mwiko. Profesa aliyasema kwa lugha ya sayansi. Aliyeukata mti hakuwasikia wote wawili.

Nyanya yangu alikuwa na alama katika paji la uso, bonde jembamba lililotoka upande huu wa kichwa hata upande huu. Nilipokuwa mdogo nilidhani alizaliwa nalo. Lilikuwa alama ya ukanda wa ngozi aliobebea kuni na maji tangu utotoni. Wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, yeye na wanawake wenzake walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vya kulindwa, wakalazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu ili wapiganaji waliokuwa ndani wasipate chakula. Alisema, "Tulichimba kaburi la njaa ya watoto wetu wenyewe." Hakusema zaidi.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msitu ukirudi nyuma maili moja, mtu akaaye ofisini haoni badiliko ila katika ramani; mwanamke abebaye kuni huliona katika shingo yake. Kijito kikikauka, bwana wa nyumba hujua siku chai inapochelewa. Binti hujua alfajiri, kwa kuwa ni yeye anayetumwa mbali zaidi, na ni yeye anayefika shuleni kengele imekwisha lia. Hivyo si ajabu kwamba, serikali ya kikoloni ilipolazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko baada ya Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Murang'a walikuwa mstari wa mbele kukataa kazi hiyo mwaka 1948. Hawakuuchukia udongo. Watu walikuwa wamesongamanishwa katika ardhi ndogo hata ikachoka, kisha wanawake wakatozwa jasho la kuiponya, nao wala hawakuulizwa.

Niliinuka nikaendelea na safari, nikapita mteremko wa Museum Hill, nikaingia barabara ya Harry Thuku. Hapo pana hoteli ya Norfolk iliyofunguliwa mwaka 1904, na karibu nayo pana kituo kikuu cha polisi. Mwezi wa Machi 1922 umati ulikusanyika kwenye kituo cha polisi cha mtaa huu. Harry Thuku, kijana aliyeongoza chama cha Waafrika wa Nairobi, alikuwa amekamatwa. Alikuwa amelaumu kodi, amelaumu kipande, na amelaumu desturi ya kuwashurutisha wanawake na wasichana kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na kwa hili la mwisho wanawake walimpenda.

Wajumbe walikwenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi wakiwasihi watu watawanyike. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza mbele, akainua vazi lake na kuwaambia wanaume walichukue, wao wampe suruali zao, kwa kuwa walikuwa waoga. Katika mila yake, mwanamke mzima kufanya hivyo lilikuwa lawama kali isiyo na mfano. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua bunduki. Watu zaidi ya 20 waliuawa, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Nilisimama hapo nikasoma kibao cha barabara. Thuku alihamishiwa Kismayu, akarudi, akazeeka, na mtaa ukapewa jina lake. Habari za Nyanjiru sikuzipata katika kitabu changu cha shule. Nilizipata kwa nyanya, jikoni.

Kutoka hapo si mbali kufika Uhuru Park. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1969 iwe mahali pa kupumzikia watu wote, hasa wale wasio na bustani nyumbani kwao. Mwaka 1989 ilitangazwa kuwa chama kilichotawala kitajenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Wangari Maathai hakuwa mwanafunzi wa mambo haya. Alikuwa amepata shahada ya uzamivu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza kuipata katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Tarehe 5 Juni 1977, pamoja na Baraza la Taifa la Wanawake, alikuwa amepanda miti saba Kamukunji, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement, chama kilichowafundisha maelfu ya wanawake wa vijijini kuotesha miche, baada ya wanawake hao kumweleza kuwa kuni zimekwenda mbali, maji yamepungua na chakula hakitoshi.

Aliandika barua nyingi kuupinga mradi ule. Majibu aliyopewa yanafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia. Bungeni alikemewa, na wenzake wakadharauliwa kuwa ni kundi la wanawake walioachwa na waume zao. Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, alisema kwamba mwanamke wa desturi ya Kiafrika humpasa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Alipokwenda Mahakama Kuu, alijibiwa kuwa hana haki ya kushitaki, maana hakuonyesha kwamba amepata hasara ya peke yake kuliko raia wengine.

Ona, msomaji, jinsi jibu lile linavyofanana na la mwaka 1902. Wakoloni walisema ardhi haina mwenyewe, kwa hiyo wataichukua. Serikali huru ilisema bustani ni ya wote, kwa hiyo hapana mmoja awezaye kuitetea. Bendera ilikuwa imebadilika tangu mwaka 1963, lakini funguo za ghala zilipokewa pamoja na tabia ya mwenye ghala wa kwanza. Hata hivyo barua zile zilisomwa ng'ambo, wafadhili wakaingiwa na shaka, na mwishowe jumba halikujengwa.

Nilikaa katika pembe ya bustani iitwayo Freedom Corner. Februari 1992 akina mama wazee, ambao watoto wao wa kiume walikuwa vifungoni kwa sababu ya siasa, walikaa hapa wakifunga kula, na Wangari Maathai akakaa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwajia kwa moshi wa kutoa machozi na marungu. Baadhi ya akina mama walivua nguo zao, wakawauliza askari kama wangeweza kuwapiga mama zao. Lawama ile ile ya Nyanjiru, baada ya miaka 70. Maathai alipigwa akazimia. Akina mama walihamia katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu, wakaendelea na mgomo wao. Na ilipofika mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wamefunguliwa.

Hapo ndipo nilipoona jibu la mwanafunzi wangu. Nilikuwa nimefundisha habari za ukoloni katika somo moja, habari za miti katika somo jingine, na haki za wanawake katika siku yake maalumu ya mwezi wa Machi. Kumbe ni somo moja. Ardhi, mwanamke na taifa lililotawaliwa huonewa kwa amri moja: fanya kazi, toa mazao, usiseme. Na mwenye kutoa amri hiyo huhitaji kitu kimoja zaidi ya bunduki na sheria. Huhitaji watu wa kati, wenye elimu na mishahara midogo, wanaojua kuwa jambo si la haki, nao wakatazama chini. Katika mkutano wa walimu, mimi nilikuwa mtu huyo. Wangari alipigwa ili anyamaze, wala hakunyamaza. Mimi nilinyamaza bila kuguswa hata kwa unyasi.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mwezi wa Machi 1974, katika kijiji cha Reni kaskazini ya India, wanawake wakiongozwa na Gaura Devi waliwakabili wakataji wa mbao, wakasimama baina ya shoka na miti. Mwaka uo huo Mfaransa aliyeitwa Françoise d'Eaubonne aliandika kitabu kilichounganisha uonevu wa wanawake na uharibifu wa dunia. Wanazuoni wameandika vitabu vingi tangu hapo, na utakapofika chuo kikuu utavisoma. Vipime kwa mizani ya nyanya zako.

Lakini nisije nikakupoteza. Sisemi kwamba mwanamke ana damu ya majani, wala kwamba kila mwanamume ni shoka. Wako wanawake walionyakua viwanja vya umma, na wako wanaume waliopigwa Karura mwaka 1999 pamoja na Wangari wakiutetea msitu. Mwanamke huona mapema si kwa sababu ya maumbile, bali kwa sababu ya kazi aliyotwikwa. Abebaye mzigo mwingine angeona vilevile.

Na mambo hubadilika watu wanaposema. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu chake cha 70 kinaeleza kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mlango uliofungwa usoni pa mwanamke mmoja mwaka 1989 sasa ni wazi kwako, ewe kijana, hata ukiwa huna mti wako mwenyewe. Wangari Maathai alipata Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akafariki tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa amekataa kuzikwa ndani ya ubao. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu ya maji.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikamjibu yule msichana. Nilimwambia kuwa sikusema kwa sababu niliogopa, na kwamba sababu nyingine zote nilizojipa zilikuwa nguo za kuivika hofu yangu. Alinisikiliza, akasema, "Asante, mwalimu," akaketi. Hakunisifu, wala sikustahili sifa.

Tuliomba ruhusa ya kupanda miche mitano ya mringaringa kandokando ya ua, tukapewa. Nilipanga kazi mwenyewe, na juma la kwanza lilikwenda vizuri. Juma la pili nilisimama dirishani nikawatazama. Wasichana walikuwa wakipandisha mteremko kutoka kwenye tangi, ndoo mikononi, mabega yameinama upande mmoja. Wavulana walikuwa wamesimama kwenye miche, wameegemea majembe, wakiwaonyesha mahali pa kumimina. Hapana aliyeona ajabu. Nilikwenda kuisoma karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani ili nijue ni nani aliyewapanga hivyo. Mwandiko ulikuwa wangu.

Niliibandua nikaandika nyingine, kila mtu kwa zamu yake, ndoo na jembe. Miche miwili ilikufa wakati wa kiangazi. Mitatu ipo, na mmoja umenipita kimo. Mti hauna ulimi, msomaji. Siku watakapokusanyika kuujadili, nawe umo chumbani, utakuwa na dakika chache tu.